Hakimu wa Kiwanda cha Vioo

Mimi silali mbele ya televisheni. Hilo liandikwe na lipigwe mhuri. Katika nyumba yetu hapa Tabora mama husinzia kwenye taarifa ya habari, baba mdogo hukoroma mpira ukiwa bado sare, lakini mimi macho kodo mpaka jina la mwisho la mpika chai wa wapiga picha limalize kupanda. Basi ni Alhamisi, saa nane mchana, nimekaa kwenye kochi, na Bibi yuko mkekani, mgongo kaegemeza kwenye miguu yangu. Ananiita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kiume. Anauliza, mume wangu, hakimu amefika? Nasema, anafunga vifungo vya joho, mke wangu, subiri, na ninaposema subiri kichwa kinalala chenyewe kwenye kitambaa cha kochi, kioo cha televisheni kinasogea pembeni kama pazia, nami napita.

Ng'ambo kuna barabara. Ni ya udongo mwekundu na haina mwisho, na kila nikiifuata inajikunja na kunirudisha palepale nilipoanza, ila palepale pamebadilika: mara ni ukumbi wa harusi, mara ni wodi, mara ni kituo cha polisi chenye mapazia ya hariri, maana kwenye tamthilia hata mahabusu anaishi vizuri kuliko sisi. Mbele yangu anatembea fundi wa kebo, ngazi begani, waya kauzungusha shingoni, na pale panapotakiwa kuwa uso pana ulaini mtupu, kama sahani iliyooshwa. Namwambia, shikamoo fundi. Anaitika marahaba bila mdomo. Nauliza, hapa ni wapi? Anasema, ni pale ambapo mguu ulionyanyuliwa haujatua. Nasema, fundi, mimi nilifeli hesabu, Kiswahili nilifaulu, lakini hilo limenipita. Anasema, angalia. Naangalia, na mji mzima umesimama. Mama mmoja kanyanyua mkono amzabe mkwewe kibao, mkono uko hewani mwaka wa sita. Daktari kashika bahasha ya majibu, midomo iko tayari kusema pole au kusema hongera, na hakuna ajuaye ni ipi. Bibi harusi yuko mlangoni, maua yamemnyaukia mkononi, bado anageuka kuona ni nani aliyepiga kelele. Nawajua wote. Ni watu wa tamthilia zilizokatwa, na kila mmoja wao nilishawahi kumkaribisha sebuleni.

Nina maoni yangu kuhusu jambo hili, na ndotoni hakuna wa kunizima kwa rimoti, kwa hiyo nayatoa. Namwambia fundi, wanaokata tamthilia husema watazamaji wamepungua, lakini wamemhesabu nani? Mtaani kwetu tunatazama kumi na wanne kwenye televisheni moja, wengine wamening'inia dirishani, na huko juu sisi wote ni kichwa kimoja, na siku umeme ukikatika hata hicho kimoja hakipo. Mtu anakaa nawe miezi minane, unajua anavyoshika kikombe, unajua anamficha nani nini, halafu Jumatatu moja mahali pake linakaa tangazo la sabuni. Hata tanzia hakuna. Lakini zile zisizokatwa ni mbaya zaidi, fundi. Zinavutwa kama ubani wa kutafuna uliokwisha utamu. Aliyezikwa sehemu ya thelathini anarudi sehemu ya mia na sura nyingine. Anatokea pacha ambaye mama mzazi mwenyewe hana habari zake. Mtu anagonga kichwa anamsahau mkewe, anagonga tena anamkumbuka. Afadhali ile iliyokatwa, iliondoka na heshima yake. Fundi anacheka, na kicheko kinamtokea mgongoni. Anasema, kitendawili. Nasema, tega. Anasema, nina nyumba isiyo na mlango wa kutokea, aliyeijenga yuko nje anasifiwa kwa matofali. Nasema, rahisi hiyo, ni tamthilia isiyokwisha. Anasema, sikuuliza nyumba, nauliza nani kaijenga. Hapo najifanya nahesabu vipago vya ngazi yake, kwa sababu najua.

Najua kwa sababu Bibi ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu, na tamthilia yake ya Kiwanda cha Vioo watu wake wanaongea lugha ya kwao, na maneno ya Kiingereza yanapita chini. Mimi ndiye ninayemsomea. Nasoma, natafsiri, naongeza chumvi kidogo. Mwezi wa tatu, sehemu ya sitini na mbili, Teyo amesimama kizimbani kwa kosa la kuchoma kiwanda, Mirana mpenzi wake yuko kwenye korido na barua ya kumwokoa, hakimu anafungua mdomo, na basi. Ikakatwa. Kesho yake nikashindwa kumwambia. Nikaweka tamthilia nyingine ya watu wa lugha ileile, wanaolia vilevile, na nikaendelea kutafsiri kitu ambacho hakipo. Sasa ni mwezi wa saba. Madaktari wa macho wamepiga kambi hospitalini kwa wiki mbili, kesho Ijumaa wanafunga, na hakuna ajuaye watarudi lini. Mama kambembeleza Bibi, baba mdogo kambembeleza, jibu lake ni moja: siendi kwenye kisu kabla sijamsikia hakimu, nikibakia huko mezani nitakufa na kiu. Ingenichukua dakika kumi kumpa hukumu. Lakini tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, ni saa nane mchana tu ndipo mtu ananigeukia na kuniuliza, enhe, halafu? Kwa hiyo hakimu akaugua tumbo. Akapona, mahakama ikaingia maji. Maji yakakauka, akatokea pacha wa hakimu.

Fundi ananivuta mkono na tunafika mahakamani, na sakafu yake ni kioo. Juu ya kioo Teyo na Mirana wamesimama wima, wametulia, kama walivyoachwa na wale waliowakata. Chini ya kioo, miguu juu, kuna Teyo na Mirana wengine, na hao wanakimbia, wanahema, jasho linawatoka kuelekea kwangu. Teyo wa chini anabisha kwenye sakafu kwa pingu zake. Wewe ndiye Masudi? Nasema, inategemea nani anauliza. Anasema, acha utani, kaka. Wale walitusimamisha, wewe unatukimbiza. Jana umenipa surua. Nina miaka thelathini na minne! Mirana anasema, na mimi barua hii nimeiangusha mtoni mara tatu, na huo mto hapo mwanzo haukuwepo. Hakimu anasema, kijana, joho hili nalifunga vifungo tangu mwezi wa tatu, vidole vimeniota sugu, naomba nihukumu niende nyumbani. Wamechoka kweli, macho yao yamezama, na kwa mara ya kwanza naona kwamba hata mimi sijui wanataka nini, sikuwahi kuwauliza. Basi nachuchumaa, naweka mdomo karibu na kioo, na ninawamalizia. Nasema, Teyo hana hatia, moto ulianza kwenye tanuri. Nasema, Mirana anampa ile barua, lakini haondoki naye, anarudi kiwandani kwa sababu kuna wafanyakazi wanaosubiri mtu wa kufungua lango, na Teyo anamtazama anavyoondoka, haendi kumzuia. Mwisho. Hakimu anavua joho, analikunja vizuri. Chini ya kioo wanakaa kitako wote, na mji mzima unatoa pumzi.

Fundi anasimamisha ngazi. Napanda, na kila kipago ni kilekile nilichotoka kukikanyaga. Anasema, hutoki bila kusema. Nauliza, niseme nini? Anasema, nani haoni, na nani kasimama mbele ya jicho lake. Nabana midomo. Neno nalijua, liko hapa kooni, nalisema moyoni tu, kimyakimya, mimi si mjinga wa kujishitaki kwa mtu asiye na uso. Naendelea kupanda, na kioo kinasogea pembeni.

Naamka. Au ndivyo ninavyodhani. Televisheni ni nyeusi, mkeka hauna mtu. Bibi yuko mlangoni, kajifunga kanga za kutokea, mkoba kwapani, na mwanga wa nje uko nyuma yake kiasi kwamba uso wake siuoni. Nawahi kusema, mke wangu, umeona bahati yetu? Umeme umekatika hakimu akiwa ndiyo anafungua mdomo! Sasa mpaka kesho.

Masudi, anasema. Siku zote mimi ni mume wangu. Nasema, naam, Bibi. Anasema, umeme haupo tangu asubuhi. Nasema, si ulikuwa umekaa hapa, ukaniuliza kama hakimu amefika? Anasema, sijakuuliza kitu. Nilikuwa nasikiliza unavyokoroma, ukaanza kusimulia, ukamaliza. Teyo kaachiwa, binti karudi kazini kwake. Nimeridhika. Na hayo ya mwezi wa tatu nimeyasikia pia, miezi minne unanilisha upepo, mtoto wewe, na mimi kila hakimu akiugua nafurahi, maana kisu nakiogopa. Halafu ukasema neno jingine. Nauliza, neno gani, Bibi? Anasema, umesema bibi yangu haoni kwa sababu yangu.

Niliibana midomo, nakumbuka nilivyoibana, meno bado yananiuma. Nauangalia ule mwanga mlangoni, nausubiri uso utokee katikati yake, na ninachokiona ni mkono tu, umenyooshwa.

Foleni ya kambi ni ndefu, anasema. Nishike mkono twende, na njiani usinisimulie kitu.