Joho la Radi Halijaoshwa

Habari hii aliniletea Nathalie, muke wa mujukuu wangu, Jumapili ya Matawi mwaka huu, tukichambua maharagi mbele ya nyumba. Nilikuwa nimemuuliza: yule Ariane anayekusuka, mbona amenyolewa kichwa na kwao hakuna aliyekufa? Nathalie akaweka ungo chini. Aliisikia kwa Ariane mwenyewe.

Ariane ana saluni ndogo kule Nyawera, na nywele zake ndefu ndizo zilikuwa afishi, tangazo la kazi yake. Mikono yake inasuka, lakini roho yake iko kwenye sinema moja ya zamani, sinema ya Radi. Vijana wa muji huu waliitengeneza wenyewe. Mubeba mizigo anapigwa na radi sokoni, hafi, anapata nguvu, anavaa kinyago na joho jekundu lililokatwa katika pazia la zamani la sale ya paroisi, ukumbi wa kanisa, anaanza kutetea wanyonge. Ilionyeshwa musimu mumoja tu. Kisha moto ukala nyumba yenye kompyuta iliyotunza sinema, na Radi akabaki katika vinywa vya watu.

Basi Ariane na Fabien, mupiga picha wa harusi, wakafungua mahali kwenye internet, wakapaita Sanduku la Radi. Wapenzi wa sinema wakaanza kutuma walichonacho. Mumoja wa Sange alileta afishi iliyoliwa na mende. Mwengine aliyehamia Ubelgiji alileta kipande alichokamata na telefone, amekaa nyuma ya mutu mwenye kofia, na nusu ya Radi ni kofia. Kila kitu kiliingia na jina la aliyekitoa. Pole pole sinema ikarudi, isipokuwa mwisho. Radi alivua kinyago ama hakuvua? Watu walitukanana juu ya hilo mpaka wengine wakatoka kwenye kundi.

Mwenyewe aliyecheza Radi, Guylain, hakuwa tena wa kuulizwa. Alienda kuchimba zahabu Mwenga, udongo ukamuangukia. Mwaka ukatimia, na mama yake, Rosette, akaita ukoo kwake Miti waondoe kilio.

Asubuhi ya siku ile Ariane alikuwa na mutu kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, simu ikalia. Ni Charlène, dada ya marehemu.

"Ariane, kaseti ya mwisho iko. Guylain aliishonea ndani ya upindo wa joho, aliogopa batamuibia. Nimekumbuka sasa hivi, nimeona joho ndani ya beseni. Nguo zinaenda mutoni."

"Itoe basi."

"Siwezi kushika. Bashemeji banakuya kwetu nyuma ya Pasaka, kuleta mahari yangu."

Ariane alielewa. Katika ukoo ule, nguo za marehemu zinafungwa siku ya maziko, na hakuna anayezishika mpaka maji yazipitie. Bibi mumoja tu, aliyewekwa kwa kazi hiyo, ndiye anazibeba ndani ya beseni na kuzimwaga mutoni. Mwengine akizishika kabla ya maji, amejitwika kilio: ananyolewa, anavaa nyeusi mwaka mwengine, harusi hakuna. Na maji yakiingia kwenye kaseti ile, Radi hana mwisho tena.

Alimuacha yule mama na nusu ya kichwa chake. Walipanda pikipiki za motari wawili, yeye na Fabien, kamera ya zamani ya kaseti ikiwa kifuani kwa Fabien kama mutoto. Njiani wakasimamishwa kwenye kizuizi. Askari akaizungusha kamera mikononi.

"Unaenda kupiga nani na hii?"

"Naenda ku kilio, chef."

"Ku kilio banapiga picha?"

"Siku hizi hata mbuzi banapiga picha, chef."

Askari wakacheka, lakini hawakuharakisha. Waliita mwenzao aje asikie ile ya mbuzi, Fabien akairudia, na Ariane akiangalia barabara akaona akilini maji ya muto tu.

Walipofika Miti nyumba ilikuwa tupu. Ariane akashuka mutelemuko wa kwenda mutoni akikimbia, viatu mukononi. Beseni lilikuwa tayari juu ya jiwe, bibi wa kuosha ameinama, mikono yake imeshika kando za beseni. Mbele yake amesimama muzee Bulonza, kaka ya marehemu baba ya Guylain, na fimbo yake.

"Ngojeni," Ariane alisema, pumzi imemuishia.

Bulonza alimuangalia toka kichwani mpaka miguuni. "Wewe binti, uko wa nani hapa?"

"Siko wa mutu, muzee. Naomba upindo wa joho ufunguliwe. Iko kaseti ndani."

"Mufu anafungiwa mulango mara moja. Nyinyi mumemutia ku telefone, batoto banamusukuma na kidole. Mumuache apumzike." Akamupa bibi ishara ya kumwaga.

Ariane akageuka kwa Rosette, aliyesimama kati ya wanawake. "Mama, picha zote tulizo nazo, Guylain iko na kinyago. Uso wake uko huku ndani, kama uko."

Rosette akasogea karibu na beseni. "Mimi niko na picha ya komunyo ya kwanza," alisema. "Meno ya mbele haiko. Sauti iko ndani?"

"Sijui, mama. Pengine imeshaharibika."

"Nani atashika?"

Charlène alitazama chini. Bibi akainua beseni, ukingo wake ukagusa maji. Ariane akapitisha vidole katika nywele zake mara moja, kama mutu anayefunga duka. Kisha akatumbukiza mikono yote miwili katika nguo za Guylain.

Wanawake walivuta pumzi. Yeye akatafuta upindo, akauma uzi na meno, na kaseti ikatoka imefungwa ndani ya sasheti ya plastiki, kavu.

Bulonza akasogeza fimbo yake kando. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Leteni wembe. Mutoto wetu amezaliwa."

Walimunyoa pale pale kando ya maji, joho likioshwa.

Nyumbani kwa Rosette kamera ilikataa kwanza. Ilisaga, ikaonyesha mistari, ikazima. Fabien akatoa kaseti, akapuliza, akarudisha. Ariane, kichwa cheupe, alishika meza. Mistari ikafutika. Radi amekaa juu ya jiwe, ziwa nyuma yake. Mikono inapanda kwenye fundo la kinyago. Picha ikakatika. Ikarudi: uso uko wazi, Guylain anacheka, amesahau maneno. Sauti ya mutu nyuma ya kamera ikamuambia aseme. Akasema, "Mutanisamehe, mama ameshapika, ugali itapoa." Akapanda njia akikimbia, joho linapepea.

"Siku ile nilipika ugali na mboga ya lengalenga," Rosette alisema. "Aliingia na pazia ile mugongoni, nikamufukuza." Akaomba irudiwe. Ikarudiwa mpaka mwanga ukapungua mulangoni.

Kisha akauliza, "Sasa mutaitia ku internet?"

"Ukikataa, hapana," Ariane alisema.

"Kataa," alisema Bulonza.

Rosette akaangalia tena kioo cha kamera. "Batu ba Sange bataona akicheka hivi?"

"Hivi hivi, mama."

"Basi andikeni: imetolewa na mama yake."

Bulonza akakohoa. "Na mimi mutaandika nini?"

"Kwamba ulikataa, muzee," Ariane alisema.

"Jina langu muliandike vizuri."

Mvua ikaanza. Fabien alikamata picha ile na telefone toka kioo cha kamera, akasimama dirishani ameiinua, anatafuta rezo ya mutandao, na kipande kile kikapanda mitandaoni kama muzee anavyopanda mulima. Rosette alisinzia wa kwanza, kamera mapajani. Bulonza akafuata, kidevu juu ya fimbo. Fabien alisema, "Imefika," akajilaza kwenye benchi, akalala na viatu.

Ariane alibaki macho. Baridi ilimutembea kichwani, mahali pageni. Nje joho jekundu lilidondosha maji kwenye kamba, chini ya paa. Akavuta kitambaa cheusi mpaka masikioni, akageukia ukuta, usingizi ukamuchukua.