Mafiga ya Igoki

Huku Ruiri ukipiga jembe unapata jiwe, ukichimba viazi unapata jiwe. Majirani huyatupa kando ya barabara. Mimi, Kaari, niliyaokota yote, nikatangaza kwamba nitatengeneza uwanja ambao watu watasimama kuutazama. Walicheka. Sasa wanasimama. Nimepanga mawe makubwa kuzuia udongo wa mteremko, nikatandika mawe bapa kutoka getini hadi mlangoni, na pale palipokuwa na jiko la zamani la mama mkwe wangu, Igoki, nikamwaga kokoto safi.

Jiko lenyewe lilikuwa limeinama kama mlevi, na yeye mwenyewe alikubali libomolewe. Alibakiza mafiga yake matatu tu, akasema atatuonyesha pa kuyaweka.

Ijumaa nilienda Meru mjini kutafuta miche. Kurudi, namkuta mume wangu Mwiti ameshika kiuno, anatabasamu. Alikuwa ameyasugua mafiga kwa brashi na sabuni hadi masizi yote yakatoka, kisha akayapanga kuzunguka mshubiri wangu karibu na geti.

"Si zimetoka smati?"

Kwetu mafiga ya mwanamke hayahamishwi bila ruhusa yake akiwa hai; huondolewa akishakufa. Mwiti alikuwa amemzika mama yake mchana kweupe, tena kwa bidii.

"Mama ameona?"

"Ameona. Ameingia kwa nyumba."

Nilimkuta Igoki akikunja nguo na kuzitia kwenye begi.

"Naenda Githongo kwa binti yangu," alisema. "Huko bado niko hai."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Sikumbembeleza, maana namjua. Naupenda uwanja wangu, lakini yule mama nampenda zaidi, na sioni haya kusema. Nilichukua jembe nikaenda katikati ya kokoto, mahali palipopendeza kuliko pote, nikaanza kufukua.

"Kaari, unaharibu!" Mwiti alipiga kelele.

"Wewe ndiye umeharibu. Kaa hapo, usiguse kitu."

Niliyabeba mafiga mwenyewe, moja moja, mgongo ukilia. Nami sikuwa na ruhusa, lakini yalikuwa yameshahamishwa; niliona afadhali nikosee nikiyarudisha. Nilipokuwa nayasimamisha, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hilo la upande wa mlango halikai hivyo."

Igoki alikuwa amesimama kwenye kokoto bila viatu. Alinisukuma kando, akapiga magoti, akalizungusha lile jiwe, akainuka, akalikandamiza kwa kisigino hadi likatulia. Kisha akaagiza kuni, na akamwagiza Mwiti, ambaye alikimbia kuzileta.

Moto ukawaka katikati ya bustani yangu. Tulitazama mawe yakianza tena kuwa meusi.

"Siku nikienda," alisema bila kunitazama, "utayatoa wewe. Si Mwiti."

Niliinjika sufuria ya mahindi na maharagwe.

"Hiyo siku ingoje, Mama. Kwanza githeri iive."