Gunia la Mawe

...na bado ni mama, hata nikifumba macho nikafumbua ni mama yule yule, anateremka na kuni kichwani, mkono mmoja umeshika mzigo na mwingine unaning'inia tu kama mtu anayetoka kanisani, na mimi niko hapa katikati ya mteremko, mguu mmoja juu ya jiwe, mguu mmoja chini, gunia mgongoni, pa kujificha hamna, ng'ombe wa watu wamekula mpaka mizizi, na hata pangekuwapo ungejifichaje na kilo ishirini na tano, Mihayo, mtu wa miaka ishirini na mmoja uchutame nyuma ya nyasi kama kuku anayetaga... wiki ya tatu leo, kila asubuhi napita njia hii ya nyuma, upande wa mgodi wa zamani, kwa sababu kuni hukatwa upande ule mwingine, kila mtu anajua hivyo, sasa leo mama kafuata nini huku, nani kamwelekeza, Marcel? hapana, Marcel hana maneno na wanawake, Marcel mlinzi wa ghala la pamba ndiye aliyenipa akili hii yenyewe, nilipomwambia najiandaa na jeshi, nakimbia kila siku mpaka barabara ya Mwanza na kurudi, akacheka mpaka akashika ukuta, "Kukimbia hata mwizi anakimbia, kijana, jeshini watu wanabeba, tafuta kilima, tafuta mzigo, tembea," naye alikuwa askari zamani za Mwingereza, akanipimia gunia kwenye mzani wa pamba, mawe ya kifusi cha mgodi, na mtu wa Geita habebi jiwe bila kuligeuza mara mbili aone kama linametameta, basi nikapoteza nusu saa nageuza mawe ya kubebea, mjinga mimi, na siku ile ya kwanza sikufika hata robo, nilikaa chini nikatapika, nikakitazama kilima hiki nilichozaliwa chini yake, nilichochungia mbuzi tangu sijaota meno ya mbele, nikaona kumbe sikijui, ni kikubwa, Mungu wangu, ukubwa wote huu ulikuwa umejificha wapi, bila mzigo ni kilima tu, ukiwa na mzigo kinasimama, kinakuangalia, kila jiwe lina neno la kukuambia... na siku ya tisa nilipofika juu, nikainua kichwa nikaliona ziwa, mstari mwembamba mweupe mwisho wa kila kitu, nikajua ng'ambo ya maji yale, kule Kagera, ndiko vita viliko, ndiko Ignas aliko, kaka yangu Ignas, nikalia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa jinsi dunia ilivyo pana na mtu alivyo mdogo na bado anaivuka kwa miguu yake miwili...

Keshaniona. Hasimami, haongezi mwendo, miguu yake pekupeku inachagua mahali pa kukanyaga bila yeye kuitazama, na mimi natafuta uongo, mawe ya kujengea, nitasema, ya kujengea banda la mbuzi, lakini nani anapandisha mawe ya kujengea kilimani badala ya kuyateremsha, hata mbuzi wenyewe wangenicheka... kwa sababu mama alishasema, mwezi wa kumi na moja, redio ya jirani ilipotangaza vita, alikuwa anapepeta mtama, hakuinua uso, alisema, "Mmoja anatosha," basi, maneno mawili, na ungo ukaendelea, na mimi nikajifanya nafunga kamba ya mbuzi, na tangu siku ile nadanganya kwa miguu, maana Jumatatu wanaandikisha vijana pale kiwanjani, nitajipanga mstarini na wenzangu, lakini kwetu mtu haendi safari ya mbali mzazi amemnunia, huendi, hata ukienda hufiki, na akisema hapana mbele yangu, kwa mdomo wake, mkono huu Jumatatu hautanyanyuka, najijua, ndiyo maana sijamwachia nafasi ya kusema... "Mwangaluka, mayu," namwamkia mama kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka," anaitikia, amesimama mbele yangu, macho yake hayako usoni pangu, yako begani, kwenye kamba, anatazama kamba ya katani jinsi ilivyozama kwenye nyama, "Nitue," anasema, nitue tu, kama tumekutana uani, nami na mawe yangu nainua mikono, nashika kuni zake huku na huku, nazinyanyua kutoka kichwani pake na... hapana, subiri, hizi kuni zina nini, mikono inashuka yenyewe, magoti yanakunjika, kuni mbichi za mvua, miti mizima, nimebeba kipimo cha mzani wa pamba wiki tatu, najua ishirini na tano ni kitu gani, na hii si ishirini na tano, hii ni thelathini na kitu, na shingo iliyokuwa chini yake ni ya mwanamke wa miaka hamsini asiyefika hata begani kwangu, ameivua ngata, anajikuna kichwa, hahemi, mimi ndiye ninayehema, na kila siku mzigo huu uliingia uani nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nikauona ukishushwa, nikautia motoni, nikala kilichoiva, miaka ishirini na mmoja, sijawahi kujua una uzito gani...

"Geuka," anasema. Nageuka. Nimesimama nimeupa mteremko uso na mama mgongo, nasikia vidole vyake kwenye fundo, vigumu, vya haraka, kamba inalegea, damu inarudi begani inachoma, na shati limeganda kwenye kidonda, analibandua polepole, anavuta pumzi puani, anasema, "Nani alikufunga hivi, umeuweka kiunoni, mzigo haukai kiunoni," nikasema nilijifunga mwenyewe, akasema kitu sikukisikia, upepo, akavua kanga ya begani, ile ya kahawia, nikaisikia ikipita chini ya gunia, ncha moja ya kanga juu ya bega, nyingine chini ya kwapa, "Inama," nikainama, "Inama, wewe, kama unaokota," akalisukuma gunia kwa goti lake, juu, juu zaidi, mpaka likakaa katikati ya mabega, akavuta, akazunguka mbele akafunga fundo kifuani kwangu, na mimi namtazama utosi wake, mvi zimejipanga pale ngata inapokaa, na ndipo ninapoelewa anachofanya, anayafunga mawe kama mtoto, hii ni mbeleko, ndivyo alivyonifunga mimi, ndivyo alivyomfunga Ignas, na wale watatu waliofariki wadogo, watoto watano tumepandishwa kilima hiki mgongoni kwake huku kuni ziko kichwani, mzigo juu ya mzigo, na hakuna aliyempimia, hakuna aliyemwandikisha, nataka kupiga magoti, kweli, hapa hapa kwenye kokoto, nami nilidhani Marcel na jeshi lake la Mwingereza ndio wajuao kubeba... "Ignas naye alibeba hivi," mama anasema, nikadhani sikusikia vizuri, "njia hii hii, mwaka juzi, kabla hajaingia jeshini, chini chini, kamba ikamchubua kama wewe, nilimwona mara ya kwanza nikiwa kule juu nakata kuni, nikakaa kimya," na mkono wake uko kwenye fundo, haulivuti, haulifungui, "nikasema yakimuuma ataacha, nikawa napita huku kila siku namtazama anavyoumia, nafurahi, eti ataacha... hakuacha. Akaondoka na kidonda mgongoni. Sikumpaka hata mafuta, nilikuwa nimenuna, sikumsindikiza, alisimama mlangoni nikajifanya namkama mbuzi," na mbuzi, nasema moyoni, mama, hatukuwa na mbuzi wa maziwa mwaka ule, namkumbuka Ignas mlangoni na begi lake, nami nilidhani kaka yangu alizaliwa na nguvu, nilidhani alikwenda tu, kumbe alitoka jasho hapa, kwenye jiwe hili labda, peke yake akidhani yuko peke yake, na barua moja tangu vita vianze, mistari minne, sijambo mama nyie hamjambo...

"Tembea nione," anasema, natembea hatua tatu kwenda juu, tatu kurudi, na ni mawe yale yale, kilo zile zile, lakini yamenyamaza, hayanivuti nyuma, yamekaa, naweza kwenda nayo hivi mpaka ziwani, mpaka ng'ambo, na mama anatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyeonja chumvi akaona imetosha, anaweka ngata utosini, "Haya nitwike, jua linapanda," nainama na mawe yangu, nashika kuni zake, nazinyanyua mpaka kifuani, "Jumatatu, mama," maneno yametoka, "asubuhi, pale kiwanjani," naye ameinama shingo anasubiri mzigo, siuoni uso wake, nasikia sauti tu, "Nitakusindikiza mpaka barabarani," anasema, "twika basi," na mikono yangu haipandi, wiki tatu nimekuwa nikiogopa kwamba mama atanizuia, nikadhani ndiyo hofu yangu yote, nimejipima kwa hofu hiyo moja tu nikajiona jasiri, na sasa kuni zake ziko hewani mikononi mwangu, hazijafika kichwani pake, na duniani hakuna tena mtu wa kunizuia.