Foleni ya Walioshiba

Mimi nikiamua jambo limeamuliwa, na niliamua kwamba Nasteho hatapika. Alikuwa mgeni wetu. Yeye na binti yake Sahara walikuwa wamefika Migwani miezi minne nyuma kutoka kambi ya wakimbizi, wakapokelewa na Abdow, binamu yake anayenunua mbuzi sokoni. Sherehe ile ya Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa, ilikuwa ya kuwakaribisha wao na familia nyingine tatu. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi, Nduku, na Mkamba gani humwalika mtu halafu akampa mwiko?

Basi asubuhi alipokuja na ndoo ya rojo la anjera, zile chapati laini za Kisomali, alilolichachisha tangu jana yake, nilimpokea ndoo, nikamshukuru, nikaifungia stoo.

"Mama, nataka kupika," akasema.

"Mama Sahara, leo kazi yako ni kukaa."

Kalunde, katibu wangu, akaguna. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na huyu ana miezi minne." Nikamwambia akakoroge muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe.

Na sherehe ilifana, sitaficha. Vijana kutoka Kilungu walipiga ngoma na kuruka sarakasi mpaka mchungaji akasahau kuangalia saa. Vyondo vyetu tulivitundika kwenye kamba, kando ya mikeka waliyosuka akina Nasteho, na watu walishindwa kubanduka kwenye mikeka. Mbuzi walichinjwa na Abdow mwenyewe ili wageni wasile kwa wasiwasi. Muthokoi iliiva vizuri. Wageni tuliwaketisha mbele, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, tukawapelekea sahani mikononi. Watu walikula wakalegeza mikanda.

Nasteho peke yake hakula. Sahani yake ilikuwa mapajani, imefunikwa kwa nyingine. Nilipoiona, nilipandwa na hasira. Nikaenda nikamwinamia.

"Nyama imechinjwa na ndugu yako. Sasa chakula chetu kina ubaya gani?"

"Chakula ni kizuri, mama." Alisema kwa upole, na hilo likaniudhi zaidi. "Niliingia kambini nikiwa msichana. Miaka kumi na saba nimepanga laini na sahani. Naambiwa ngoja, naambiwa rudi kesho, naambiwa imeisha. Leo mmeniletea sahani mpaka kwa kiti. Ni heshima, asanteni. Lakini mimi nilitaka siku moja tu mtu aje kwangu na sahani yake."

Niliona aibu. Naisema wazi kwa sababu nilistahili kuiona. Nilikuwa nimemheshimu huyu mwanamke kwa namna iliyonipendeza mimi, wala sikumuuliza.

Nikaenda kufungua stoo. Kalunde aliondoa sufuria ya chai kwenye jiko bila kuambiwa. Nasteho akakaza mtandio, akapaka kikaango mafuta, akamimina rojo kwa mzunguko, kuanzia katikati kwenda nje, huku akizungumza na binti yake, haangalii hata mkono wake. Anjera ikajaa vishimo juu. Akaibandua kwa vidole. Nimepika miaka arobaini na sijaona mkono mwepesi kama ule.

Sinia lilipokuwa karibu kujaa ndipo nilipogundua kosa langu la pili. Watu walikuwa wameshiba. Niliwashibisha mimi mwenyewe, kwa kiburi changu, kila mtu mara mbili. Mzee wa kanisa, Kimeu, alikuwa amesinzia kitini. Wengine walishaanza kutafuta viatu vya watoto waende nyumbani. Nasteho alikaa nyuma ya sinia lake akingoja, na mbele yake hapakuwa na mtu.

Nilitamani kushika kipaza sauti niwaamuru waje, nikajizuia. Watu wa kuamriwa sio aliowataka. Nikachukua sahani, tumbo limenijaa hadi kifuani, nikaenda kusimama mbele yake.

Nikasikia mtu akihema nyuma yangu. Alikuwa Kalunde. Nyuma yake Abdow. Halafu wakaja wengine, maana watu wa kwetu wakiona foleni hupanga kwanza, maswali baadaye. Kimeu naye akaamka akatafuta sahani. Nilipogeuka tena, foleni ilikuwa imefika kwenye mikeka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njaa. Nawapenda hawa watu, hata kama huwa nawagombeza.

Nasteho akaniwekea anjera moja, akaipaka samli, akainyunyizia sukari. Nikaila pale pale nimesimama. Ilishinda muthokoi yangu, na kwangu mimi kukubali hivyo si jambo dogo. Nikanyoosha sahani tena.

"Songa, mama," akasema, macho yake tayari kwa Kalunde. "Kuna watu wanangoja."

Nikasonga. Sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi hivyo.