Mkwe Aliyeficha Mvua

Mtaa mzima uliamini kwamba mvua imefichwa na mke wa fundi saa, yule anayesoma utabiri wa hali ya hewa redioni. Msimu wa pili ulikuwa unapita bila tone, na kila jioni sauti yake tamu ilisema yaleyale: jua kali, upepo mkavu.

Hata mama mkwe wake alimvizia jikoni. "Mwanangu, nitengee japo ndoo moja."

"Mama, mimi nasoma tu. Sigawi."

Siku moja akatangaza kwamba huenda kukawa na manyunyu alasiri. Hilo "huenda" hakuna aliyelisikia. Mtaa ukajaa mabeseni na masufuria, na kinyozi akasimama barabarani na taulo kiunoni, amejipaka sabuni mwili mzima. Wingu moja likaja, likawatazama, likaenda zake.

Wakaandamana hadi mlangoni kwake, kinyozi mbele, sabuni imemkaukia kama chokaa.

"Shemeji, ndiyo nini hii?"

"Sikilizeni," mtangazaji akasema. "Ukame upo tangu zamani, ila sisi wanadamu tumeutia makali. Moshi wa viwanda na magari umeifunika dunia kama blanketi. Joto limepanda, na hewa ya moto ina kiu: inanyonya maji mabwawani na udongoni."

Mama mkwe akauliza, "Moshi wa gari la nani?"

Macho yote yakamgeukia muuza nyama. Pikapu yake ikiwashwa, watu hufunga madirisha.

"Pikapu moja ikaushe dunia?" akafoka.

"Si yako peke yake, kaka. Ni mamilioni ya magari, miaka nenda rudi, na mengi hayako hata hapa kwetu."

"Basi tuanze na la hapa," mama mkwe akakata shauri.

Kesho yake nyama ikaenda sokoni kwa pikapu iliyozimwa. Kinyozi na fundi saa walisukuma nyuma, mtangazaji ubavuni, viatu mkononi. Muuza nyama alishika usukani akinung'unika. Kando yake mama mkwe aliwapungia majirani mkono.

Kwenye mteremko ikawaponyoka. Ikapita soko, ikapita kituo cha mafuta, ikatumbukia katika bwawa la mji na kusimama juu ya udongo uliopasuka.

Mama mkwe akashuka, akajikung'uta vumbi. "Mkwe wangu," akasema, "ungeleta mvua jana, leo ningezama!"

Kuitoa pikapu kulishindikana hadi jioni. Muuza nyama akafungua duka palepale, katikati ya bwawa.