Karani wa Mipango na Shimo la Kwa Ndila

Mwaka wa 1958 serikali ilitoa pesa kwa mabaraza ili yawasaidie wakaaji wa mitaa ya Waafrika kuipanga mitaa yao wenyewe. Katika Thika nzima hakuna aliyefurahia habari hiyo kama Ephantus Mburu, ingawa mtaa wake yeye haukuwa kwenye orodha.

Ephantus alikuwa karani katika ofisi ya baraza. Kwa miaka sita alikuwa ameandika leseni za baiskeli na za mbwa, na aliamini kwa moyo wote kwamba alizaliwa kwa mambo makubwa zaidi. Asubuhi moja aliitwa na Bwana Ofisa, Mzungu mrefu na mpole aliyesimamia mambo ya miji, akaulizwa kama anajua kuchora ramani. Ephantus akajibu kwamba anajua. Ukweli ni kwamba alikuwa amechora ramani moja tu maishani mwake, ya Ziwa Victoria, na mwalimu wake alimuuliza kama kile ni kiazi. Mwenyewe, alipokuwa akisimulia mambo haya uzeeni, hakuwahi kuiacha habari ya kiazi. Alisema mtu akitaka kuelewa yaliyofuata, aanzie hapo.

Basi akapewa cheo cha Karani wa Mipango ya Mitaa. Siku hiyohiyo alipita duka la Mhindi akanunua kofia ya kaki, soksi ndefu za kufika magotini na penseli za rangi kumi na mbili. Jioni mkewe, Ngendo, alimtazama akila chakula huku amevaa ile kofia.

"Baba Waceke," akamwambia, "hiyo kofia huvuliwa, ama nayo ni ya serikali?"

Ephantus akaivua, lakini akaiweka mezani mahali ambapo angeweza kuiona.

Mtaa wa kwanza kupangwa ulikuwa Ruiru, kati ya reli na mto, na watu waliuita Kwa Ndila. Ndila alikuwa mama wa Kikamba aliyefika pale wa kwanza, akiuza uji kwa wafanyakazi wa reli, na sasa akiwa mzee alikuwa mkunga wa mtaa mzima. Zilikuwa nyumba kama sitini za mabati. Walioishi humo walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya kahawa na mkonge, watu wa reli na wachuuzi, wengine wa hapohapo na wengine waliotoka magharibi kutafuta kazi.

Maagizo yaliyokuja na zile pesa yalisema wazi kwamba kazi ianze kwa mkutano na wakaaji. Kibali cha mkutano kilikuwepo, maana miaka ile ya Hali ya Hatari watu hawakukusanyika hivihivi. Lakini Ephantus aliona haifai karani wa cheo chake kwenda mkutanoni mikono mitupu. Akaamua apime kwanza, achore, ndipo aende kuwauliza watu wanataka nini huku jibu likiwa tayari mkononi mwake.

Jumatatu na Jumanne akapima. Alipigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, akavuta kamba, akapata barabara moja nzuri iliyonyooka kutoka relini hadi mtoni. Ilipita katikati ya nyumba kumi na moja, lakini hilo lilikuwa jambo la baadaye. Akina mama walimsalimia, naye akaitikia kwa kugusa kofia. Hakumweleza mtu yeyote neno. Jumatano akakaa ofisini akaandika ripoti, na ndani yake akatia sentensi iliyompendeza hata akaisoma mara tatu: "Wakaaji wameupokea mpango kwa utulivu mkubwa."

Alhamisi akapanda baiskeli kwenda kwenye mkutano. Alipofika mahali pa kuvukia reli akashuka, akasimama. Mtaa ulikuwa pale, lakini kulikuwa na kitu hakiko sawa nao, na ilimchukua muda kujua ni nini. Nyumba nyingi hazikuwa na paa. Mabati yalikuwa yamepangwa chini na kufungwa kamba. Vitanda vilikuwa nje, kuku wamo vikapuni, na watu wamekaa juu ya mizigo yao kama abiria wanaongoja treni.

Aliyekuja kumpokea alikuwa Selpha Aketch, mke wa fundi wa reli, mama wa makamo ambaye watu walimwita Mama Opiyo. Alikuwa amebeba nyundo.

"Karani, umekuja mapema," akasema. "Tulijua mtakuja kesho. Tupe mpaka jioni tumalizie."

"Mmalizie nini, mama?"

"Kung'oa. Mabati ni yetu, tuliyanunua. Tingatinga ikija itakuta udongo tu."

"Tingatinga gani?"

"Ile ambayo hufuata vigingi vyekundu." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mgeni njia. "Kule tulikokuwa tukikaa mbeleni, alikuja mtu na kofia kama hii yako, akapigilia vigingi Jumatatu. Ijumaa tukapata mabati yetu yamepondwa bapa kama karatasi. Saa hii tumejifunza."

Ephantus akahisi soksi zinamkaba. Akapanda juu ya jiwe akawaeleza wote, kwa sauti ambayo hakuitambua vizuri, kwamba hakuna atakayebomolewa. Serikali imetoa pesa ili wao wenyewe wapange mtaa wao. Yeye ametumwa kuwasaidia.

Kisha akauliza Barasa, fundi seremala kutoka upande wa Kimilili, mtu mnene wa maneno machache.

"Ni pesa ya kuleta bomba la maji?"

"Hapana. Ni ya kupanga bomba litakaa wapi."

"Na bomba lenyewe litakuja na pesa gani?"

"Hiyo ni pesa nyingine."

"Iko wapi?"

"Bado haijatoka."

Barasa akafikiri. "Kwa hivyo hii ni pesa ya kutuuliza kama tunataka maji."

Ephantus akaipekua ile sentensi akitafuta kosa ndani yake, kwa kuwa alikuwa karani na hiyo ilikuwa kazi yake. Hakuona kosa.

"Ndiyo," akasema.

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, wengine wakafuata, na huenda mkutano ungeishia kwa kicheko kama mvua isingeanza. Haikuwa mvua kubwa, lakini nyumba thelathini na nne hazikuwa na paa, na ndani ya baadhi yazo mlikuwa na wagonjwa na watoto wachanga. Kicheko kikaisha. Watu wakaanza kukimbia na mabati. Ephantus akasimama juu ya jiwe lake akiwa na kofia, utepe wa kupimia na karatasi zake, akijua kwamba kila bati lililokuwa likikimbizwa pale, ni yeye aliyeling'oa.

Akavua soksi akazitia mfukoni, akapanda ngazi pamoja na Barasa.

Hakuwa wa msaada mkubwa. Alijipiga kidole gumba mara mbili. Bati la kwanza alilipigilia kinyume, la chini likalalia la juu yake, na maji yakaingia ndani vizuri kuliko kama paa lisingekuwepo. Barasa alilitazama, akalitazama tena.

"Karani, shuka," akasema. "Wewe nipe misumari tu."

Kazi hiyo ilichukua siku tatu, na kila siku Ephantus alitoka Thika kwa baiskeli akarudi amejaa matope. Ofisini alisema anafanya mashauriano na wakaaji. Nyumbani Ngendo alifua nguo zake bila kumuuliza kitu, jambo lililomuumiza kuliko maswali.

Lakini mtu anayepokeza misumari chini ya ngazi huona mengi. Aliona kwamba maji yote ya mvua hutoka chini ya tuta la reli, hupita nyuma ya nyumba ya Mama Opiyo, kisha huingia katikati ya mtaa na kukaa. Kwenye ramani yake hakukuwa na mteremko wowote. Alikuwa ameichora nchi ikiwa bapa kama meza, na ile barabara yake nzuri ingeyapokea maji relini na kuyafikisha kwenye kila mlango. Aliona pia kwamba njia ya zamani, ile aliyotaka kuinyoosha, ilipinda mahali pasipo na mti wala jiwe. Akamuuliza Mama Opiyo kwa nini.

"Hapo ndipo kwa Ndila," akasema. "Mama aliyeshikwa na uchungu hapandi mlima. Njia inamzungusha mahali tambarare."

Ephantus akatoa ramani mfukoni akatazama kigingi namba saba. Kilikuwa kimeangukia mlangoni pa mkunga. Akaikunja tena haraka kabla Mama Opiyo hajaona, lakini yeye alikuwa ameona.

Paa la mwisho liliporudi, wakafanya mkutano kama ulivyotakiwa kufanywa tangu mwanzo. Mama Opiyo alichukua jivu la jikoni akauchora mtaa chini, reli huku, mto kule, na watu wakaja mmoja mmoja kumrekebisha. Ephantus alinakili. Alipouliza wanataka nini kwanza, alitegemea kusikia bomba.

"Mtaro," akasema Mama Opiyo. "Maji tunayo mengi. Huingia mpaka chini ya kitanda bila bomba. Tunataka yapite."

Hapo ndipo Ephantus alipolazimika kuwasomea maagizo ya zile pesa. Zingelipa karani, karatasi, chai ya mikutano, na kupima udongo inapobidi. Hazingelipa ujenzi wa aina yoyote. Aliposoma hivyo aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyeyaandika.

"Udongo hupimwa namna gani?" akauliza Barasa.

"Unachimba shimo, unatazama kilichomo."

"Shimo la urefu gani?"

Ephantus akapekua karatasi mbele na nyuma. "Hawakusema," akajibu polepole.

Wiki mbili zilizofuata, watu ishirini wa Kwa Ndila waliandikwa kazi ya kupima udongo. Waliupima kuanzia chini ya tuta la reli, wakazunguka nyuma ya kwa Mama Opiyo, wakakwepa kwa Ndila kwa adabu, wakateremka mpaka mtoni. Ephantus mwenyewe alisimamia kina kwa utepe wake. Usiku alilala vibaya. Kwa miaka sita hakuwa amewahi kukosea hata leseni ya mbwa, na sasa alikuwa ametia sahihi shimo la yadi mia mbili.

Bwana Ofisa alikuja kukagua. Alitembea kando ya shimo kutoka juu hadi chini, Ephantus akimfuata nyuma, na wakaaji wakiwa wamejishughulisha sana na mambo mengine.

"Mburu," akasema walipofika mtoni, "hili ni shimo la kupima udongo?"

"Ndiyo, bwana."

"Ni refu."

"Tulitaka kuwa na hakika, bwana."

"Na mmegundua nini?"

Swali hilo Ephantus hakuwa amejitayarisha nalo. Alitazama ndani ya shimo.

"Ni mwekundu, bwana," akasema.

Bwana Ofisa akautazama mto kwa muda mrefu, mgongo wake ukiwa kwa karani, na mabega yake yakatikisika kidogo. Ephantus hakujua ni kikohozi au ni nini.

"Basi msilifukie kabla sijaandika ripoti yangu," akasema hatimaye. "Na mimi huandika polepole sana."

Ramani ya Kwa Ndila, iliyochorwa upya kwa rangi zote kumi na mbili, ilipelekwa Nairobi. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, likiomba nakala tatu. Mwaka uliofuata zile pesa za kupanga mitaa zilikoma, na cheo kikaenda nazo. Ephantus akahamishiwa ofisi ndogo upande wa Gatuanyaga, kupokea ushuru wa soko la mbuzi, na hakuna aliyemwita tena karani wa mipango isipokuwa Ngendo, akitaka kumchokoza.

Mvua za Aprili zilipoanza, alikwenda Ruiru siku ya Jumamosi, kwa wakati wake mwenyewe. Alijiambia anapita tu. Maji yalikuwa yakitoka chini ya tuta kwa nguvu, rangi ya chai, yakizunguka nyuma ya kwa Mama Opiyo na kuteremka mtoni kama yalivyoambiwa. Alisimama kuyatazama, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alihisi amefanya jambo ambalo lingeweza kuonekana kwa macho.

Akayafuata kuteremka chini. Karibu na karakana ya Barasa akakuta maji yameruka ukingo na kuingia mlangoni, na mbao zinaelea. Kwa hatua kama kumi na tano hivi mtaro ulikuwa na kina cha nusu ya kwingine. Barasa alikuwa amesimama mlangoni, suruali imekunjwa.

"Hapa ni nani alipima?" akauliza Ephantus, kabla hajafikiri.

Barasa alimnyooshea jembe.

Ephantus akakumbuka siku ile ya joto, alipokuwa na haraka ya kurudi Thika, na kwamba labda alikuwa ameushika ule utepe kwa ncha isiyo sahihi na kusoma kina kimakosa. Akavua viatu, akaingia ndani ya maji. Baridi ilimpata mpaka magotini. Barasa akaketi juu ya ubao uliokuwa bado mkavu, akawa anamwonyesha kwa kidole mahali pa kuongeza.