Yakuti Ndani ya Tonge

Gotaka aliuza nyumba, shamba na hata kitanda cha mkewe, akanunua yakuti moja nyekundu kama jicho la njiwa; akabakiza maksai wake watano na marobota machache ya kitambaa. Akiifikisha salama sokoni, mjini Rajagaha, ni tajiri. Ikikutwa kwenye lango la mji imefichwa kukwepa ushuru, mfalme anaichukua, na Gotaka juu yake.

Kwa hiyo asubuhi ile aliifinyanga ndani ya tonge la wali wa samli, akalitia katika bakuli la sadaka la mtawa aliyefuatana na msafara wa wafanyabiashara. Nani atapekua bakuli la mtu aliyenyoa kichwa akaiacha dunia?

"Mtukufu, usile kwanza. Ndani ya lango kuna kivuli na maji baridi."

"Kwangu kivuli na jua ni mamoja," akasema mtawa, "lakini sawa, ndugu yangu."

Foleni ya langoni ikagoma. Nanduka, mtoza ushuru, mtu ambaye kitambi chake hufika mahali kabla yake, alikunjua kila kitambaa na kunusa kila gunia. Jua likapanda. Ghafla Gotaka akakumbuka: watawa hawa hawali adhuhuri ikipita, wala hawalazi kiporo!

"Kula sasa, mtukufu! Ila utafune taratibu!"

Mtawa akatazama miguuni pake. "Kivuli kimeisha. Wakati wa kula umepita."

"Haujapita! Si hicho hapo, kwenye kidole gumba?"

"Hicho ni uchafu, ndugu yangu."

Na huku akisema, alikwisha kuchagua mahali pasipo na nyasi wala sisimizi, asije akadhuru kiumbe, akaumwaga wali chini. Gotaka akajirusha. Maksai wake mmoja, mzee mwenye pembe moja, akamtangulia kwa ulimi. Kulamba mara moja tu, chini pakabaki peupe.

Gotaka akamkaba shingo, akamzamisha mkono kinywani hadi kiwikoni. Maksai akameza.

"Wewe!" Nanduka akanguruma. "Unamfanya nini huyo?"

"Namkagua meno, mzee wangu."

"Kukagua ni kazi yangu. Haya, ushuru wako robota moja la kitambaa."

"Chukua mawili!"

Nanduka akafinya macho. Tangu akae langoni pale hajapata kusikia mfanyabiashara akiongeza. Akamtazama Gotaka, akautazama ule mkono uliokuwa sasa unapapasa tumbo la mnyama.

"Vitambaa kaa navyo. Nachukua huyu pembe moja."

"Huyo? Mzee huyo! Kipofu! Anapiga mateke! Chukua wale wanne wa mbele, wazima kabisa!"

"Wanne kwa mmoja?" Nanduka akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Basi huyu simpi hata mfalme."

Gotaka akapiga magoti, akaomba kazi ya kufagia zizi la Nanduka. Akapewa siku ile ile, bila mshahara. Lakini tumbo la ng'ombe ni nyumba ya vyumba vinne, na kitu kizito kikishapata chumba humo hakina haraka ya kuhama.

Mvua zilipokatika, mtawa akapita tena njia ile. Akamkuta Gotaka ameinama, akichambua samadi kwa vidole, punje kwa punje.

"Naona umeiacha biashara, ndugu yangu," akasema kwa furaha.

"Bado, mtukufu," akajibu Gotaka bila kuinua kichwa. "Nangoja mzigo."